Chema Chajiuza, Lakini kwa Siku Ngapi?



Wazee wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni maneno ya haki, na wala hatuna nia ya kuyatangua. Lakini neno la haki pengine hutumiwa katika batili, na methali hii siku hizi imefanywa rungu la kuwapigia watu. Mtu akitaja kazi nzuri iliyokosa soko, au kitabu kilichooza dukani, au mwalimu aliyekimbiwa na wanafunzi, papo hapo huambiwa: "Kingelikuwa chema kingelijiuza." Basi mazungumzo yamekwisha, na hukumu imepita.

Tunataka hapa kuipinga hukumu hiyo. Ushahidi wetu tutautoa mahali ambapo wengi hawamtarajii mwalimu wa chuoni kuupata: katika michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Marekani, ile iliyofutwa baada ya wiki au miezi michache, kisha ikavumbuliwa na watu miaka mingi baadaye. Vijana wetu wa Mombasa, Unguja, Lamu na Tanga huweza kuiona leo katika simu zao. Hucheka, kisha huuliza: "Mbona vipindi vimekwisha? Vingine viko wapi?" Swali hilo lastahili jawabu.

Najua wako watakaokunja uso na kusema: "Maalim, vichekesho ni upuuzi, na upuuzi ukifutwa ni kheri. Yakuhusu nini?" Kwa hao tunasema: sisi ni watu wa pwani, na ni wachache kati yetu wasiolelewa kwa visa vya Abunuwasi. Bibi alivisimulia juu ya mkeka, watoto wakacheka, na ndani ya kicheko wakajifunza kwamba mkubwa huweza kuwa dhalimu, na mnyonge huweza kuwa na akili. Kicheko ni chombo. Chaweza kupakia uchafu, na chaweza kupakia hekima. Anayekizamisha chombo kwa sababu ya shehena moja mbaya hakufanya insafu.

Tuanze na kisa cha mwaka 1982. Shirika la televisheni la ABC lilianza mwezi wa Machi kuonyesha mchezo uitwao Police Squad!, uliotungwa na Jim Abrahams pamoja na ndugu wawili, David Zucker na Jerry Zucker. Mwigizaji mkuu alikuwa Leslie Nielsen, katika sura ya askari mpelelezi aliye mzito wa fahamu, asemaye mambo ya kuchekesha na uso wake umekauka kama wa kadhi. Mchezo ulizifanyia dhihaka hadithi za polisi. Kila wiki mgeni mashuhuri alitangazwa kwa shangwe mwanzoni, na papo hapo akauawa, asionekane tena. Jina la kipindi lililosomwa na msemaji halikuwa lile lililoandikwa kwenye kioo. Na mwishoni, pale ambapo michezo mingine husimamisha picha, hawa waigizaji wenyewe waliganda wima kama masanamu, na safari moja kahawa ikaendelea kumiminwa kikombeni mpaka ikafurika. Mizaha mingine ilipita nyuma ya wasemaji, pembeni mwa picha, wala hakikuwekwa kicheko cha mashine cha kumwashiria mtu wapi acheke. Ilimpasa atazame mwenyewe.

Vilitengenezwa vipindi sita. Vilipokwisha kuonyeshwa vinne mchezo ukafutwa, na viwili vilivyobaki vikatolewa mwezi wa Julai, kama mtu amalizaye kiporo. Hesabu, ndugu yangu: vipindi vinne vya nusu saa, na ukitoa matangazo ya biashara, kazi nzima ilihukumiwa kwa muda usiotimia saa mbili. Na mkubwa wa michezo wa ABC wa wakati ule, Tony Thomopoulos, alitoa sababu ambayo mpaka leo watu huirudia kwa mshangao. Alisema mchezo ulishindwa kwa kuwa mtazamaji alilazimika kuutazama ndipo aufurahie. Ni kama mwenye mkahawa aseme biriani lake limeshindwa kwa kuwa mlaji alilazimika kulitia mdomoni.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 1988 watungaji wale wale, na mwigizaji yule yule, na mizaha ya namna ile ile, waliutoa mchezo ule kwa sura ya filamu iitwayo The Naked Gun. Watu wakajaa katika sinema. Ikafuata filamu ya pili mwaka 1991, na ya tatu mwaka 1994. Na mwaka 2025 ikatoka nyingine tena, mwigizaji mkuu safari hii akiwa Liam Neeson. Watazamaji wakarudi nyuma kuvitafuta vile vipindi sita vya zamani, wakaviona katika kanda na sahani, wakajiuliza vipi kitu hiki kilitupwa. Je, chema hakikujiuza? Kilijiuza. Ila muuzaji wa kwanza alikuwa amekwisha kukunja jamvi.

Hapa ndipo pa kuuliza: mizani iliyotumika mwaka 1982 ilikuwa ikipima nini? Wengi hudhani kwamba televisheni ya biashara ni duka, kipindi ni bidhaa, na mtazamaji ni mnunuzi. La hasha. Mnunuzi ni mwenye sabuni, na mwenye magari, na mwenye soda, aliyelipia tangazo lake lipite katikati ya mchezo. Bidhaa anayoinunua ni macho ya watu. Kampuni ya Nielsen, iliyoanza kuwahesabu watazamaji wa televisheni wa Marekani mwaka 1950, ilichagua nyumba chache zisimame badala ya mamilioni ya nyumba. Na kwa hesabu iliyotoka humo bei ya tangazo ikapangwa kwa kila watu elfu. Tena watu wenyewe hawakuwa sawa. Kwa miaka mingi waliotafutwa zaidi ni wale walio baina ya umri wa miaka 18 na 49. Sisi wazee hatukuwa na uzito katika mizani hiyo, hata tungelicheka mpaka machozi yakatutoka.

Mizani hiyo haiulizi kama ulicheka. Haiulizi kama kesho yake ulimsimulia mwenzio sokoni, wala kama baada ya miaka 20 bado wakumbuka. Huuliza kama chombo kilikuwa wazi saa ile, na nani alikuwapo mbele yake. Kwa hiyo katika duka lile, ndugu msomaji, wewe si mteja. Wewe ndiwe samaki aliyelazwa juu ya mizani. Basi ni ajabu iliyoje kumwona samaki akitoa ushahidi kwamba mizani ni ya haki!

Kisa cha pili ni cha mwaka 1999. Shirika la NBC lilianza mwezi wa Septemba kuonyesha mchezo uitwao Freaks and Geeks, uliobuniwa na Paul Feig na kusimamiwa pamoja na Judd Apatow. Habari zake ni za skuli moja ya sekondari katika jimbo la Michigan, mnamo mwaka 1980. Msichana hodari wa hesabu, aliyeingiwa na huzuni kwa kufiwa na bibi yake, anaanza kufuatana na wanafunzi watoro. Mdogo wake wa kiume, mwembamba na mwoga, anapambana na wababe wa skuli. Na baba yao, mwenye duka la vifaa vya michezo, wakikaa kula huwatajia mtu fulani aliyefanya jambo fulani, na mwisho wa kisa mtu yule hufa. Ni nani miongoni mwetu asiyemjua baba huyo?

Yamo ndani ya mchezo huo mambo ambayo mzazi wa kwetu hatayaridhia, na asimwachie mtoto autazame peke yake. Lakini haukuwadanganya vijana. Aliyeshindwa hakushinda kwa muujiza dakika ya mwisho, na aliyekosa alibaki na aibu yake mpaka wiki ya pili.

Na hiyo wiki ya pili ndiyo iliyokuwa haijulikani itafika lini. Mchezo wa vijana uliwekwa usiku wa Jumamosi, saa ambayo vijana wamekwisha kutoka majumbani. Ukakatizwa kwa ajili ya mashindano ya besiboli. Kisha ukahamishwa Jumatatu, ukawekwa uso kwa uso na Who Wants to Be a Millionaire, shindano la maswali na fedha ambalo wakati ule lilikuwa limeiteka nchi nzima. Mtu akiuficha mkate uvunguni, kisha akatangaza kwamba watu hawakuununua, je, lawama ni ya mkate?

Vilitengenezwa vipindi 18. NBC ikaonyesha 12, ikaufuta mchezo mwaka 2000. Na mwaka huo huo, mchezo ukiwa umekwisha kufutwa, ukapewa tuzo ya Emmy kwa uhodari wa kuchagua waigizaji. Miongoni mwa vijana wale walikuwamo Linda Cardellini, James Franco, Seth Rogen na Jason Segel, ambao wote baadaye majina yao yalienea duniani. Waliochagua walikuwa na macho. Mwenye duka ndiye aliyekuwa na haraka.

Kwa nini basi watu walichelewa kuugundua? Kwa sababu mchezo uliofutwa mapema huzikwa mara mbili. Kwanza hufutwa. Pili, haurudiwi. Katika biashara ile vituo vya miji hununua michezo iliyopita wairudie siku baada ya siku, na desturi ilikuwa kutaka mchezo wenye vipindi kama 100. Wenye vipindi sita, au 18, ni nani atakayeuhangaikia? Tena Freaks and Geeks ulijaa nyimbo za miaka ile, na kila wimbo una mwenyewe anayedai haki yake. Kwa hiyo haukutolewa katika sahani za DVD mpaka mwaka 2004, baada ya wapenzi wake kukusanya saini na kuomba. Wale waliouona mara ya kwanza katika sahani hizo walikutana na kitu kilichokwisha miaka minne nyuma, wakakipenda kama mtu apendaye wasia wa maiti.

Atasema mpinzani wetu: "Hayo ni matukio mawili. Kibaya ni kibaya, na subira haikigeuzi." Basi tumpe kipimo cha upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1982, NBC ilianzisha mchezo wa Cheers. Pahala pake ni baa, nami siwezi kuisifu baa. Nazungumza juu ya hesabu. Katika msimu wake wa kwanza mchezo huo ulikuwa karibu na mkia wa orodha ya watazamaji. NBC ikauvumilia. Ukaishi misimu 11, mpaka mwaka 1993, na ukawa katika ile iliyotazamwa zaidi nchini. Na Seinfeld, uliojaribiwa kwa kipindi kimoja mwaka 1989, ulipewa vinne tu kuufuatia mwaka 1990. Ulipokoma mwaka 1998, kwa hiari ya mwenyewe na si kwa kufutwa, ndio uliokuwa wa kwanza Marekani nzima. Lau michezo hii miwili ingelihukumiwa kwa wiki nne, leo ingelikuwa katika kapu moja na Police Squad!, na watu hao hao wangelisema: "Ingelikuwa mizuri ingelijiuza." Methali ni ile ile. Kilichopungua ni siku.

Na sababu haiko mbali. Mcheshi mgeni akija barazani, siku ya kwanza watu humtazama tu. Siku ya pili hutabasamu. Siku ya kumi, akifika tu na kuvua viatu, watu wamekwisha kucheka, kwa kuwa wamemjua. Kicheko hukaa juu ya mazoea. Anayetaka watu wacheke na wasiowajua, tena wengi, tena upesi, atapata kelele na matusi, kwa maana hayo hayahitaji mazoea. Hivyo mizani ya haraka haikuwaua wazuri tu. Iliwalea wabaya.

Sasa tugeukie upande mwingine, maana insafu haina upande mmoja. Wako vijana walioshika dhana ya kinyume, kwamba kila kilichofutwa ni johari, na kwamba kufutwa kwenyewe ndiyo dalili ya ubora. Hilo nalo ni kosa. Tarehe 5 Februari 1969 shirika la ABC lilionyesha mchezo uitwao Turn-On, wenye mizaha ya aibu iliyopigwa mfululizo. Viko vituo vilivyoukata kabla haujamalizika, na vingine vya magharibi ya nchi vilikataa kuuonyesha kabisa. Haukurudi tena. Hapo si hesabu ya kampuni iliyosema. Ni watu walioutazama, wakauelewa, wakaukataa. Hukumu ya namna hiyo ni halali. Tunachokikataa ni hukumu ya mtu ambaye hakutazama.

Na wala hatumlaumu mfanyabiashara kwa kufunga duka lake. Mali ni yake, hasara ni yake, na hana deni la kutuchekesha. Lawama yetu ni kwa yule anayekichukua kitabu cha mauzo cha mwenzake akakifanya kitabu cha hukumu. Mfanyabiashara akisema, "Hiki hakikunipa faida," amesema kweli. Wewe ukisema, "Kwa hiyo hakikuwa na thamani," umeongeza neno ambalo mwenyewe hakulisema.

Wengine hujifariji: "Haidhuru. Kizuri hakipotei, siku moja kitaonekana." Ni faraja ya msikilizaji, si ya mtendaji. Mchezo wa Arrested Development, ulioanza mwaka 2003 katika shirika la Fox, ulipata tuzo ya Emmy ya mchezo bora wa kuchekesha mwaka 2004. Fox ikaumaliza tarehe 10 Februari 2006, kwa kuvimwaga vipindi vinne vya mwisho usiku mmoja, usiku ule ule wa ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya baridi. Baada yake watu wakauvumbua kwa wingi katika sahani na intaneti, mpaka Netflix ikaufufua mwaka 2013. Lakini miaka saba ilikwisha kupita. Waigizaji walikuwa wametawanyika katika kazi nyingine, hata ikawa vigumu kuwakutanisha mahali pamoja, na kila kipindi kikalazimika kumfuata mtu mmoja mmoja. Mchezo uliokuwa uzuri wake ni jamaa nzima kuzozana katika chumba kimoja, ulirudi na jamaa wakiwa mbali mbali. Kilichovunjwa huweza kuungwa, lakini mshono huonekana.

Kwa hiyo, sifa zinazochelewa hazilipi deni. Anayevumbua kazi nzuri baada ya miaka 20 amepata yeye: hana matangazo ya kumkatiza, hana wiki za kungoja, na anaweza kuipima kwa utulivu. Ila yule aliyeifanya alirudi nyumbani siku ile akidhani kwamba ameshindwa. Makofi ya leo hayamfikii katika jioni hiyo.

Na lililonifanya nishike kalamu ni hili. Zamani mizani hii ilikuwa mikononi mwa mashirika matatu manne ya Marekani. Leo kila kijana anayo mfukoni. Mtoto wa nyumba yako hutunga shairi, au husimulia kisa kwa ulimi mzuri, akakitia katika simu. Chini yake husimama nambari: watu 12 wametazama. Jioni hukifuta mwenyewe. Hakuna shirika lililomfutia. Amejifunza kuwa mkubwa wa ABC juu ya nafsi yake, naye hajatimia miaka 15. Mzazi naye humwondoa mwanawe kwa mwalimu mpole kwa kuwa mwezi umekwisha na mtoto hajasoma kwa kasi, akampeleka kwa mwenye kelele na darasa lililojaa. Kisha sote hukutana barazani tukalalamika kwamba washairi wamekwisha na walimu wamekwisha.

Hawakwisha. Tumewafuta wiki ya nne.

Basi, enyi wazazi, na wewe mama mwenye nyumba khasa, kwa kuwa wewe ndiwe msikilizaji wa kwanza wa kila mtoto, nawausia mambo matatu. La kwanza, msimuulize mtoto ni wangapi waliotazama. Muulizeni nini alichokisema, na akisemeni tena mbele yenu. La pili, mkipewa kitu kipya, kiwe mchezo, kitabu au mwalimu, kipeni siku zake kabla ya kukihukumu, na mkikikataa, mkikatae kwa kuwa mmekitazama. La tatu, mkiona kazi njema, itajeni leo, mwenyewe akiwa hai na jamvi lake bado limetandikwa. Chema chajiuza, naam. Lakini wazee waliotuachia methali hiyo walikuwa watu wa majahazi, waliopanga safari zao kwa kaskazi na kusi, na walijua kungojea upepo.